Kusoma Machapisho ya Mtafiti wa Magonjwa ya Maambukizi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Umetafuta jina la daktari mtafiti, ikakufungukia orodha ndefu ya makala za kitafiti: vichwa vya habari vya kitaalamu, majina ya majarida, miaka, namba. Huenda wewe ni mgonjwa, au unamuuguza ndugu, au ni mwanafunzi wa tiba anayetafuta msimamizi. Maswali yafuatayo ndiyo ambayo watu huuliza zaidi wanapokutana na orodha ya namna hiyo. Pale nilipo na msimamo wangu, nimeusema.

Orodha ina makala zaidi ya mia. Nianzie wapi?

Usianze juu ukashuka. Tafuta swali ambalo mtafiti amelishikilia. Wengi wa wale waliobadilisha tiba ya maambukizi walikuwa na swali moja au mawili waliyoyazunguka miaka mingi: kwa nini watoto wenye homa kali hufariki katika saa za kwanza, mgonjwa mwenye bakteria kwenye damu anahitaji dawa kwa siku ngapi, bakteria fulani wamepataje usugu. Zipange makala kwa miaka, uone kama kila moja inaichukua kazi pale nyingine ilipoiachia.

Barry Marshall na Robin Warren, wa Perth nchini Australia, ni mfano ninaoupenda. Mwaka 1983 walichapisha barua mbili fupi katika jarida la tiba la The Lancet kuhusu bakteria waliojipinda wanaoonekana kwenye utando wa tumbo. Mwaka 1984 ikafuata makala kamili yenye wagonjwa 100. Mwaka 1985 Marshall alichapisha kilichompata baada ya kuwanywa bakteria hao yeye mwenyewe: tumbo lake lilipata uvimbe, nao bakteria wakaonekana kwenye vipimo. Kisha mwaka 1988 likaja jaribio la kitabibu lililoonyesha kwamba vidonda vya tumbo hurudi kwa nadra zaidi kwa wagonjwa ambao bakteria hao wameondolewa kabisa. Barua, wagonjwa 100, mwili wake mwenyewe, halafu tiba. Tuzo ya Nobel ilikuja mwaka 2005, zaidi ya miaka ishirini tangu zile barua mbili. Mtu ambaye angeitazama orodha yao mwaka 1983 angeona kurasa chache tu za kitu kisicho na jina.

Nitajuaje kwamba makala zote ni za mtu huyo huyo?

Majina hufanana, na hifadhidata za makala huchanganya watu. Mtu pia anaweza kubadilisha jina akiolewa, au jina lake likaandikwa kwa herufi moja ya mwanzo hapa na herufi mbili pale. Angalia kama ana namba ya ORCID, yenye tarakimu 16, ambayo watafiti wengi hujisajili nayo ili kazi zao zisichanganywe na za wengine. Kama hana, linganisha taasisi na waandishi wenzake. Makala ya magonjwa ya mifugo katikati ya orodha ya mtaalamu wa nimonia ya watoto huenda ni ya mtu mwingine kabisa.

Jina lake liko katikati ya waandishi arobaini. Alifanya nini hasa?

Katika tafiti za tiba, kwa kawaida mwandishi wa kwanza ndiye aliyebeba kazi kubwa ya kuifanya na kuiandika, na wa mwisho ndiye kiongozi wa kundi. Waliopo katikati huweza kuwa yeyote: mtaalamu wa takwimu, daktari aliyesajili wagonjwa wodini, fundi wa maabara. Majarida mengi siku hizi huweka aya fupi mwishoni inayosema nani alifanya nini. Isome aya hiyo, wengi huiruka.

Lakini kuwa katikati si kuwa mdogo. Makala ya mwaka 1940 iliyoonyesha kwamba penisilini huokoa panya walioambukizwa ilikuwa na waandishi saba, waliopangwa kwa alfabeti. Ndiyo maana mwanakemia Ernst Chain yuko mbele ya Howard Florey, aliyekuwa kiongozi wa maabara. Norman Heatley ni wa nne kwenye mstari huo. Yeye ndiye aliyebuni namna ya kuitoa penisilini kwenye kimiminika cha ukungu bila kuiharibu, na namna ya kupima nguvu yake. Bila yeye pasingekuwa na dawa ya kuwapa hata panya. Nobel ya mwaka 1945 ilikwenda kwa Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini, pamoja na Florey na Chain. Chuo Kikuu cha Oxford kilimpa Heatley shahada ya heshima ya udaktari wa tiba mwaka 1990, nusu karne baada ya makala ile.

Kinyume chake pia hutokea: jina kutokuwepo kabisa. Makala ya kwanza kuhusu muundo wa artemisinini, dawa ya malaria, ilichapishwa kwa Kichina mwaka 1977 kwa jina la kikundi cha ushirikiano, bila majina ya watu binafsi. Tu Youyou, ambaye kazi yake ndiyo iliyofungua njia ya dawa hiyo, alipata Nobel mwaka 2015.

Makala zipi zina uzito zaidi katika masuala ya tiba?

Jiulize makala inajibu nini. Ripoti ya mgonjwa mmoja inasema, "Jambo hili limewahi kutokea." Ina thamani kubwa ugonjwa unapokuwa mpya, lakini haiwezi kukuambia kama dawa inafanya kazi. Utafiti wa kufuatilia kumbukumbu za hospitali hukuonyesha nani alipewa dawa gani na nini kikampata, ila waliopewa dawa na wasiopewa huwa wametofautiana tangu mwanzo: mara nyingi daktari humpa dawa kali zaidi yule aliye hoi. Ndiyo maana jaribio la kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu lina hadhi yake. Kura haimjui aliye hoi wala aliye na nafuu.

Mfano wa kale ni jaribio la streptomisini kwa kifua kikuu, lililochapishwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza mwaka 1948. Wagonjwa 55 walipewa dawa na mapumziko kitandani; 52 walipewa mapumziko pekee, ambayo ndiyo yaliyokuwa matibabu ya kawaida wakati huo, na dawa yenyewe ilikuwa haba. Ndani ya miezi sita walifariki 4 katika kundi la kwanza na 14 katika la pili. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini ukifunga ukurasa hapo utakuwa umeikosa sehemu muhimu kuliko zote. Makala ile ile iliripoti kwamba kwa wagonjwa wengi bakteria walipata usugu dhidi ya dawa, na miaka ilivyopita faida ya streptomisini ikitumika peke yake ilipungua sana. Jaribio lililofuata, la mwaka 1950, liliichanganya na dawa ya pili, na usugu ukapungua kwa kiasi kikubwa. Kifua kikuu kinatibiwa kwa dawa kadhaa kwa pamoja hadi leo kwa sababu hiyo. Ukikuta makala inayosifu dawa mpya, tafuta makala inayofuata yenye wagonjwa hao hao baada ya mwaka mmoja au miwili.

Nimesoma kwamba dawa fulani iliua virusi maabara. Mbona madaktari hawaitumii?

Kwa sababu bakuli la maabara halina ini, figo wala damu. Aprili 2020 kundi la watafiti nchini Australia lilichapisha kwamba ivermektini, dawa ya minyoo na vimelea vingine, ilizuia virusi vya korona kuzaliana ndani ya seli maabara. Matokeo yao yalikuwa ya kweli. Tatizo lilikuwa kiwango: dawa iliyowekwa kwenye zile seli ilikuwa makumi ya mara zaidi ya ile inayofika kwenye damu ya mtu aliyemeza dozi iliyoidhinishwa. Majaribio makubwa kwa wagonjwa yalipofanyika, likiwemo lile la Brazili lililochapishwa mwaka 2022, hayakuonyesha kwamba dawa hiyo inawaepusha watu kulazwa.

Unaposoma makala ya maabara, tafuta sentensi inayolinganisha kiwango kilichotumika na kiwango kinachofikika mwilini. Kama haipo, usilibebe tumaini hilo nyumbani.

"Si duni kuliko" inamaanisha nini? Mbona wasiseme "ni sawa" au "ni bora"?

Swali hili huja mara nyingi, na watu wachache hulijibu vizuri. Katika maambukizi, mara nyingi hatutafuti dawa yenye nguvu zaidi. Tunatafuta njia iliyo nyepesi kwa mgonjwa: siku chache, vidonge badala ya sindano, madhara machache. Kwa hiyo watafiti hupanga mapema: "Tutaikubali njia fupi ikiwa haizidi ile ndefu kwa ubaya zaidi ya kiasi hiki." Kiasi hicho huandikwa kabla ya mgonjwa wa kwanza kusajiliwa.

Jaribio la BALANCE, lililochapishwa Novemba 2024, lilikuwa na wagonjwa 3,608 wenye bakteria kwenye damu, katika hospitali 74 za nchi saba. Nusu walipewa antibiotiki kwa siku 7, nusu kwa siku 14. Kufikia siku ya 90 walikuwa wamefariki asilimia 14.5 ya kundi la siku 7 na asilimia 16.1 ya kundi la siku 14. Mpaka uliowekwa ulikuwa tofauti ya pointi 4 za asilimia, na siku 7 hazikuuvuka. Jaribio halisemi kwamba siku 7 zinaokoa zaidi; tofauti hiyo ndogo ingeweza kutokea kwa bahati tu. Linasema kwamba wiki ya pili, pamoja na sindano zake, kuharisha kwake na nafasi inayowapa bakteria ya kujenga usugu, haikuleta faida ya kutosha kuidai.

Angalia pia nani hakuruhusiwa kuingia. Jaribio hilo halikuwahusisha wenye bakteria aina ya Staphylococcus aureus kwenye damu, wala wenye upungufu mkubwa wa kinga, wala wenye maambukizi yanayojulikana kuhitaji tiba ndefu kama ya vali za moyo au mifupa. Kwa maambukizi ya mifupa na viungo lipo jaribio jingine, OVIVA, la mwaka 2019, lenye wagonjwa 1,054. Lilionyesha kwamba vidonge katika wiki sita za mwanzo havikuwa duni kuliko dawa ya mshipani: tiba ilishindikana kwa asilimia 13.2 ya waliopewa vidonge na asilimia 14.6 ya waliochomwa. Fikiria mtu anayerudi kitandani kwake badala ya kukaa wiki sita na mrija mkononi.

Mbona mtafiti huyu amechapisha matokeo yanayoonyesha kwamba tiba yake ilishindwa?

Hapo ndipo mimi huanza kumheshimu.

Chukua jaribio la FEAST, lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011 likiongozwa na Kathryn Maitland. Swali lilikuwa hili: mtoto mwenye homa kali ambaye mzunguko wake wa damu umedhoofika, je, apewe maji mengi ya dripu kwa haraka mara afikapo hospitali? Hospitali za nchi tajiri zilikuwa zikifanya hivyo kwa miaka mingi, na karibu kila mtu alitarajia kwamba jibu lingekuwa ndiyo. Ilipangwa kuwasajili watoto 3,600. Jaribio lilisimamishwa kabla ya kufika huko, baada ya watoto 3,141, kwa sababu takwimu zilionyesha kinyume. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 ya waliopewa dripu ya haraka ya albumini (protini ya damu), asilimia 10.5 ya waliopewa ya maji ya chumvi, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa dripu ya haraka. Yaani katika kila watoto mia, watoto watatu hivi zaidi walifariki kwa tiba ambayo kila mmoja aliiona ni ya kuokoa.

Hebu fikiria uzito wa kuiandika makala hiyo. Watafiti hawa walikuwa wameshinda wodini na watoto hao. Wangeweza kuyazika matokeo chini ya lugha nzito, na badala yake waliyaweka mstari wa mbele. Mabishano yalikuwa makali, na wengi walisema watoto walifariki kwa sababu mapafu yalijaa maji. Timu haikuishia kujibizana. Ilirudi kwenye kumbukumbu za kila kifo na mwaka 2013 ikachapisha uchambuzi: vifo vingi vya ziada vilitokana na moyo na mzunguko wa damu kuzimika. Ukisoma makala ya 2011 bila ile ya 2013 umesoma nusu.

Na hapa pia mipaka ni muhimu, tena mno. Watoto wenye kuharisha na upungufu mkubwa wa maji hawakuwemo katika jaribio hili. Mtoto wa namna hiyo anahitaji maji, na asinyimwe kwa sababu mtu amesoma kichwa cha makala ya FEAST.

Makala za miaka ya 1940 zina kazi gani leo?

Usione vyaelea, vimeundwa. Desemba 1940, kabla penisilini haijawafikia wagonjwa kwa upana, Abraham na Chain walichapisha katika jarida la Nature kwamba kuna bakteria wenye kimeng'enya kinachoiharibu dawa hiyo. Usugu uliingia kwenye machapisho kabla dawa yenyewe haijaingia maduka ya dawa. Leo sehemu kubwa ya kazi ya watafiti wa maambukizi ni kupambana na vizazi vya kimeng'enya hicho. Uchambuzi uliochapishwa na The Lancet mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 vifo milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na bakteria wenye usugu.

Kipimo cha h kinaniambia nini?

Kidogo. Kilipendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: mtafiti mwenye h ya 40 ana makala 40 ambazo kila moja imenukuliwa na makala nyingine mara 40 au zaidi. Kinapanda kwa umri wa kazi, na kinawapendelea walio kwenye makundi makubwa. Hakijui kama makala ilinukuliwa kwa kusifiwa au kwa kukosolewa. Mimi hutazama jambo jingine: je, mwongozo wowote wa tiba umeibeba kazi yake? Mwaka 2010 jaribio la AQUAMAT, lenye watoto 5,425 wa nchi tisa za Afrika, lilionyesha kwamba katika malaria kali walifariki asilimia 8.5 ya waliopewa artesuneti, dawa iliyotokana na artemisinini, dhidi ya asilimia 10.9 ya waliopewa kwinini. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilipendekeza artesuneti kwa watoto pia. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini.

Makala imeandikwa "imefutwa". Je, mtafiti ni tapeli?

Si lazima. Makala hufutwa kwa udanganyifu, na hufutwa pia kwa kosa la kweli ambalo waandishi wenyewe wameliona na kulitangaza. Soma tangazo la kufutwa. Mara nyingi lina sababu na jina la aliyeomba.

Tukio linalokumbukwa zaidi lilihusu haidroksiklorokwini. Tarehe 22 Mei 2020 The Lancet ilichapisha makala iliyodai kuchambua wagonjwa zaidi ya 96,000 kutoka hospitali 671, ikisema dawa hiyo inahusiana na vifo zaidi kwa wagonjwa wa korona. Siku chache baadaye Shirika la Afya Duniani lilisitisha kwa muda sehemu ya jaribio lake iliyohusu dawa hiyo. Wasomaji makini walihoji namba hizo zilitoka wapi. Kampuni iliyozikusanya haikuzitoa zikaguliwe, na tarehe 4 Juni makala ikafutwa kwa ombi la waandishi watatu kati ya wanne. Baadaye jaribio la RECOVERY la Uingereza, lenye wagonjwa halisi na kumbukumbu zinazokaguliwa, lilionyesha kwamba dawa hiyo haipunguzi vifo. Jaribio hilo hilo ndilo lililoonyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei ndogo, inapunguza vifo kwa waliowekwa kwenye mashine ya kupumulia kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3.

Vipi kuhusu makala ambazo bado hazijahakikiwa na wataalamu wengine?

Zisome kama rasimu. Rudi baada ya miezi uone kama zimechapishwa, na kama namba zimebadilika.

Mtafiti amepokea fedha za kampuni ya dawa. Nimpuuze?

Hapana. Soma tamko la maslahi, kisha angalia nani alizishika takwimu na nani alizichambua. Angalia pia kama jaribio lilisajiliwa kabla ya kuanza, jambo ambalo majarida makubwa ya tiba yamelidai tangu mwaka 2005. Linganisha usajili na makala: kama lengo kuu lilikuwa vifo, na makala sasa inazungumzia siku za homa, uliza kwa nini.

Makala inanidai malipo. Nifanye nini?

Tafuta kwanza kwenye PubMed Central, ambako makala nyingi hupatikana bure nzima. Kama uko kwenye chuo au hospitali katika nchi ya kipato cha chini, ulizia maktaba kuhusu Hinari, mpango ulioanzishwa mwaka 2002 unaofungua majarida kwa taasisi hizo. Usiridhike na ikisiri pekee. Waliokataliwa kushiriki na madhara ya dawa mara nyingi hukaa ndani zaidi.

Nimesoma kwamba siku 7 zinatosha. Niache dawa niliyoandikiwa siku 14?

Usiiache kabla ya kuongea na aliyekuandikia. Huenda bakteria wako si wale wa jaribio, au chanzo cha maambukizi hakijaondolewa, au una kiungo bandia. Chukua makala uende nayo, uulize: "Mimi ningeweza kuingia kwenye jaribio hili?" Daktari atalazimika kukueleza kinachokutofautisha na wagonjwa wale, au akubali kwamba hakuna tofauti na kuzipunguza siku za dawa.

Naweza kumwandikia mtafiti mwenyewe?

Ndiyo. Makala huwa na anwani ya mwandishi wa mawasiliano, na wengi wao hufurahi kutuma nakala. Andika kwa ufupi: taja kichwa cha makala, jedwali au ukurasa, na swali moja. Ukiuliza ni utafiti gani umefuata baada ya huo, una nafasi nzuri ya kupata jibu refu kuliko ulivyotarajia. Usimtumie majibu ya vipimo vyako. Hana faili lako, hajakupima, na hawezi kukutibu kwa barua pepe.